Kusimamia Neno Lako Kazini: Mwongozo kwa Mwanamke Aliyeajiriwa

Wanawake wengi wanaosema hawajiamini kazini wanajiamini vizuri tu mahali pengine. Mtu huyo huyo ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, anadai marejesho ya watu ishirini na tano na hakuna anayethubutu kumletea porojo. Kwenye shughuli ya ukoo ndiye anayebishana na mpishi bei ya sahani. Ila Jumatatu asubuhi, meneja akiuliza "nani ana wazo?", macho yanashuka kwenye daftari.

Kinachokosekana ofisini ni vitu vitatu ambavyo kwenye kikoba anavyo: kumbukumbu zilizoandikwa, kanuni anazozijua, na maneno aliyokwisha kuyazoea mdomoni. Hivyo vitatu ndivyo tunavyovijenga hapa, kwa mfano wa mwajiriwa wa Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zina sheria zao za kazi na tarakimu zao, lakini namna ya kusema haitofautiani sana.

Hatua ya 1: Jua unakwama wapi hasa

Kwa wiki mbili, kila jioni, andika tukio moja la siku hiyo katika safu nne: nani alikuwepo, nini kilitokea, ulisema nini, ulitamani kusema nini. Dakika tano zinatosha. Usiandike maumivu yako kwa kirefu; andika maneno yenyewe kama yalivyotoka. Kwa mfano: "Bosi: hii uimalize leo. Mimi: sawa. Nilitamani kusema: leo nina ripoti ya mauzo, ipi itangulie?"

Daftari liwe lako na likae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi wala kompyuta ya kampuni.

Wiki mbili zikiisha utaona kwamba mambo yanajirudia. Mara nyingi ni watu wawili au watatu wale wale, na hali zile zile: kukatwa kauli kikaoni, kazi ya ghafla saa kumi na nusu jioni, mwenzako anayekuachia sehemu yake. Zipe alama za ugumu, 1 hadi 10, kisha anza na yenye alama 3 au 4. Anayeanza na 9, yaani anayekwenda kumkabili mkurugenzi siku ya kwanza, hutetemeka, hushindwa, na anguko hilo moja humnyamazisha kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amenyamaza mwanzo. Chukua hali moja, ifanyie kazi mwezi mzima, ndipo uende kwenye ya pili.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zako

Kabla ya sauti, karatasi. Unahitaji mkataba, maelezo ya kazi, kanuni za utumishi za kampuni, na hati za mshahara za miezi 12 iliyopita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi ya ajira yako: kazi yenyewe, mahali, saa, malipo. Kama huna, andika barua pepe kwa ofisa utumishi: "Naomba nakala ya mkataba wangu na maelezo ya kazi kwa ajili ya kumbukumbu zangu." Ishie hapo. Ukianza kueleza kwa nini unataka, umefungua mjadala ambao haukuwepo.

Kisha ziweke kichwani tarakimu chache za sheria hiyo, kwa sababu ndizo zinazohitajika ghafla:

- Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada hazizidi 50 katika kila wiki nne, ziwe zimekubaliwa, na hulipwa mara moja na nusu. (Mameneja wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kanuni hii ya saa.)
- Likizo ya mwaka ni siku 28.
- Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa pacha na zaidi. Taarifa ya kuichukua hutolewa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.
- Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi.

Hiyo ya kunyonyesha ndiyo wengi hawaijui, na wanaoijua huiomba kama hisani: "Bosi samahani, kama haitakusumbua, naomba niwe nawahi kidogo." Iseme hivi: "Nitakuwa natumia zile saa mbili za kunyonyesha, saa tisa hadi kumi na moja. Kama kuna muda mwingine unaoifaa ofisi zaidi, tupange." Heshima ipo, na haki haijageuzwa ombi.

Hatua ya 3: Rekebisha sentensi kabla ya sauti

Watu hukimbilia kufundishana kusimama wima na kuangaza macho. Hayo yanasaidia, lakini kinachomuangusha mzungumzaji mara nyingi ni maneno ya kujipunguza anayoyatanguliza. Linganisha:

"Samahani jamani, mimi labda sijui sana, lakini nilikuwa nafikiria kama ingewezekana tubadilishe msambazaji."

"Napendekeza tubadilishe msambazaji. Huyu wa sasa amechelewesha mzigo mara nne tangu Januari."

Ya pili ni fupi, ina pendekezo na ina ushahidi. Hakuna ukali ndani yake. Salamu, shikamoo, "mzee", "dada", "mheshimiwa" viache vilivyo, maana ukivikata ghafla watu watasikia jeuri na hawatasikia hoja. Unachokata ni kuomba radhi kabla hujakosea, "labda sijui", "ni wazo tu", na kile kicheko kidogo cha mwishoni kinachofuta kila kilichotangulia.

Mazoezi yake: chukua simu, jirekodi ukisema jambo moja la kazi kwa sekunde 60. Sikiliza mara moja tu, hesabu maneno ya kujipunguza, rekodi tena. Fanya hivyo siku tano mfululizo. Angalia pia mwisho wa sentensi: sauti ikipanda mwishoni, taarifa yako inasikika kama swali. Ishushe, funga mdomo. Kama unakimbiza maneno, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, mara tatu, kabla ya kuingia chumbani. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo.

Ukipata mahali pa kufanyia mazoezi nje ya ofisi, patumie: kikoba, kamati ya harusi, jumuiya, kamati ya wazazi shuleni. Bibi Titi Mohamed alikuwa tayari mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla hajaanza kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, kwa hiyo jukwaa lilimkuta sauti anayo. Jitolee kusoma mapato na matumizi kwenye kikao cha kikoba. Ni dakika tatu za kusimama, tarakimu mkononi, na maswali ya papo kwa papo, tena kutoka kwa watu wanaoijua kila shilingi.

Hatua ya 4: Kikaoni

Siku moja kabla, omba ajenda na uchague kipengele kimoja utakachochangia. Andika sentensi mbili tu. Fika mapema dakika kumi ukae mezani, si kwenye viti vya ukutani, mahali ambapo mwenyekiti anakuona bila kugeuza shingo.

Ongea ndani ya dakika kumi za mwanzo, hata kama ni kuuliza swali. Anayengoja "muda mwafaka" hukuta hoja yake imeshasemwa na mwingine, na kila dakika ya kungoja huzidisha woga.

Ukikatwa kauli, usinyamaze na usipandishe sauti. Inua kiganja kidogo, endelea kwa sauti ile ile: "Naomba nimalizie, nimebakiza sentensi mbili." Akiwa mkubwa kwa umri: "Mzee, naomba nimalizie kisha nikusikilize." Halafu kweli zibaki sentensi mbili. Ukiendelea dakika tano, mara ijayo hakuna atakayekuachia.

Wazo lako likirudiwa na mwanamume na likapigiwa makofi, jambo la kila siku kwenye ofisi nyingi, usiseme "umeniibia". Sema: "Nashukuru umeliunga mkono pendekezo langu la mwanzo. Hatua inayofuata ninavyoiona ni hii..." Umelirudisha kwako na umelisogeza mbele kwa pumzi moja. Dawa nzuri zaidi ni kukubaliana mapema na mwenzako mmoja: yeye akitoa hoja wewe unaitaja kwa jina lake, wewe ukitoa naye anafanya hivyo. "Hilo alilolisema dada pale mwanzoni lina uzito" hufanya kazi kuliko kujitetea mwenyewe.

Kuna pia suala la muhtasari na chai, ambavyo kwa namna fulani humwangukia mwanamke hata pale ambapo si kazi yake na kuna vijana wanne wa kiume wenye kalamu. Mara ya kwanza andika. Mara ya pili sema kabla kikao hakijaanza: "Kikao kilichopita niliandika mimi. Napendekeza tuandike kwa zamu, leo waanze wa upande ule." Sema ukitabasamu ukipenda, lakini usiichukue kalamu. Wengi hushindwa hapo: wanasema, kunakuwa na ukimya wa sekunde tatu, wanaona aibu, wanaandika wenyewe. Uvumilie ukimya.

Jioni ile ile, tuma ujumbe mfupi kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp la kazi: "Kama tulivyokubaliana leo, nitashughulikia (a) ifikapo Ijumaa, na ghala litatuletea (b)." Kilichoandikwa na wewe ndicho kitakachokumbukwa.

Hatua ya 5: Kukataa bila kugombana

Saa kumi na nusu jioni, faili linatua mezani. Jibu zuri lina sehemu tatu: nimeelewa, hali ilivyo, ninachoweza.

"Nimekuelewa. Leo ninafunga mahesabu ya mwezi, yanatakiwa kabla ya saa kumi na mbili. Hii naweza kuikabidhi kesho saa tano, au tuahirishe mahesabu nianze nayo. Ipi itangulie?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Linamrudishia bosi uamuzi wa kupanga vipaumbele, ambao ni wake, na linamwonyesha kwamba saa zina mwisho. Akisema "zote mbili", uliza kuhusu saa za ziada bila kona: "Sawa, nitabaki hadi saa mbili. Naomba uniidhinishie saa za ziada kwa barua pepe." Mwenye mshahara wa msingi wa 900,000 kwa mwezi na wiki ya saa 45, saa moja ya kawaida ni kama 4,616 (900,000 gawanya kwa 4.333, gawanya kwa 45), na ya ziada ni kama 6,920. Inashangaza jinsi kazi ya dharura inavyoweza kungoja kesho ikishapewa bei.

Kosa kubwa kwenye kukataa ni kutoa sababu za nyumbani. Ukisema mtoto anaumwa, utaulizwa dada wa kazi yuko wapi. Ukisema foleni, utaambiwa uchukue bodaboda. Kila sababu unayoitoa ni mlango wa mtu kukutatulia, na mwisho unabaki bila sababu na kazi unayo. Sababu moja, ya kazi, inatosha.

Kosa la pili ni kukubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo: kuchelewesha, kununa, kulalamika jikoni. Hilo linakuharibia jina haraka kuliko "hapana" yoyote.

Hatua ya 6: Kuomba nyongeza ya mshahara

Usiombe wiki bajeti imeshapitishwa. Kampuni inayofunga mwaka Desemba hupanga fedha zake kuanzia Septemba hivi; inayofuata mwaka wa serikali, Julai hadi Juni, hupanga miezi ya mwanzo wa mwaka. Omba kikao cha dakika 30 kwa barua pepe na utaje mada: "Naomba nafasi tuzungumzie utendaji na maslahi yangu." Bosi akishtukizwa kwenye korido, jibu la haraka analokuwa nalo ni "hapana".

Andaa ukurasa mmoja wenye mambo matatu uliyoyafanya, kila moja na tarakimu: madeni uliyokusanya, muda uliopunguza, kazi ya mtu aliyeondoka uliyoibeba na tangu lini. Usiandike "mchapakazi, mwaminifu, natunza muda". Hayo hata aliyeajiriwa jana anaweza kuyaandika.

Halafu piga hesabu ya mkononi, maana hapa ndipo watu hujipunja. Chukua mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa 900,000 kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021. Ukikatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 90,000, inabaki 810,000 inayotozwa kodi. Kodi yake ni 80,500. Mkononi unapata 729,500. Ukiongezwa 100,000, ghafi inakuwa milioni moja: NSSF 100,000, kodi 103,000, mkononi 797,000. Nyongeza ya laki moja imekufikishia 67,500. Kama bado unalipa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo inabaki 52,500. Anayehitaji laki moja zaidi mkononi na akaomba laki moja ameomba nusu ya shida yake. Kila unapotaja kiasi, taja kama ni ghafi au cha mkononi.

Nenda na tarakimu tatu: utakayoitaja, unayoitarajia, na ambayo chini yake hukubali. Taja ya kwanza, kisha nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo. Wanaoshindwa hapa hujaza ukimya wenyewe: "lakini hata kidogo si mbaya". Hapo wameshajipangia mshahara.

Akisema bajeti hakuna: "Naelewa. Niwe nimefikisha nini, na tukutane tena tarehe ngapi?" Pata tarehe, iandike kwenye barua pepe siku hiyo hiyo. Uliza pia yasiyo mshahara: nauli, vocha, ada ya mafunzo, bima ya wategemezi, cheo kinachoendana na kazi unayoifanya tayari.

Usitaje mshahara wa mwenzako kama hoja ya kwanza. Mazungumzo yatageuka kuwa uchunguzi wa nani amevujisha. Lakini kama kazi ni ile ile na tofauti ya malipo haina maelezo mengine zaidi ya jinsia, hilo si ombi tena. Kifungu cha 7 cha sheria tuliyoitaja kinakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na malipo yamo.

Machozi yakija, na huja hata kwa wakakamavu, sema "naomba dakika tano", toka, nawa uso, rudi, uendelee ulipoishia. Usiombe radhi kwa kulia. Usiahirishe kikao.

Hatua ya 7: Kadi za michango na mambo ya nyumbani

Kanuni ni ile ile, sentensi fupi na kiasi kilichotajwa. Weka kiwango cha mwezi cha michango na mikopo ya ndugu, tuseme 50,000, kabla mwezi haujaanza. Kadi ya harusi ikija: "Hongereni sana. Nitachangia elfu ishirini tarehe 5." Kiwango kikiisha: "Mwezi huu nimeshamaliza cha michango, sherehe njema." Kusema "nitaangalia" ni kuahidi, na utapigiwa simu hadi siku ya ukumbi.

Na mume, zungumza mchana mkiwa mmeshiba, mkiwa na orodha ya kazi za nyumbani na muda wa kila moja, na uombe kitu kimoja mahususi: "Jumanne na Alhamisi wewe uwapeleke watoto shule." "Unisaidie" ni neno pana mno, kila mtu anaweza kujiona ameshalitimiza. Lakini kama nyumbani kuna kipigo au vitisho, weka kando mbinu zote za hapa. Huko unatafuta usalama kwanza, kwa mtu unayemwamini na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hatua ya 8: Pale maneno hayatoshi

Bosi akikutaka kimapenzi, mwambie mara moja, wazi, bila utani: "Sitaki hili, tubaki kwenye kazi." Usicheke. Usiku huo andika tarehe, saa, mahali, maneno yake na yako, nani alikuwa karibu. Hifadhi jumbe bila kufuta chochote. Mweleze mtu mmoja unayemwamini. Akifungamanisha na ajira, cheo au haki yoyote, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupatikana kwa simu ya bure 113. Nenda na maandishi yako, si masimulizi peke yake.

Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Ukiachishwa kazi una siku 30. Madai mengine siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja "wazee wazungumze" hadi siku zinapita. Mazungumzo yaendelee, fomu nayo iingie.

Na ukiamua kuondoka mwenyewe, andika notisi: anayelipwa kwa mwezi, siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, isipokuwa mkataba wako unataja ndefu zaidi. Usiondoke kwa hasira bila notisi, kwani mwajiri anaweza kukukata mshahara wa siku hizo. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na hati ya utumishi, ambayo kifungu cha 44 kinamlazimu mwajiri kukupa. Ikague kabla hujasaini popote: jina, tarehe za kuanza na kuondoka, na cheo ulichokuwa nacho mwishoni, si kile ulichoingia nacho.